Mwalimu Hakutaka Jina la Ukoo

Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa binti ya nani. Si kwamba sijui. Ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kumuuliza mtu maswali hayo, na akikutana na fomu inayoyauliza aliisukuma pembeni kama sahani ya chakula kilicholala. Sisi tulimwita Mwalimu, naye aliridhika. Namwandika kwa sababu nina hamu naye kuliko ninavyoweza kueleza, na kwa sababu aliondoka kwa kosa langu. Kwa miaka minne nilichotaka ni kumwona mara moja tu, nimwambie pole, nisikie atasema nini.

Ofisi yetu ilikuwa katikati ya Eldoret, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mablanketi la mzee Msomali ambaye mtaa mzima ulimwita Hajji. Ilikuwa na vyumba viwili, meza tatu na dirisha lisilofunga vizuri. Mwezi wa saba, baridi ikishika, tulifanya kazi na makoti. Mwalimu alivaa sweta mbili, ya kahawia ndani na ya kijani juu, na soksi za kiume ambazo hakuona haya nazo. Saa nne kamili alifungua thermos ya uji wa wimbi, yaani ulezi, na kummiminia kila aliyekuwepo, hata mteja aliyekuja kugombana.

Kabla ya kompyuta alikuwa amefundisha taipu miaka mingi. Mashine za taipu zilipokufa wenzake walirudi nyumbani kufuga kuku. Yeye, akiwa amepita hamsini, alinunua kitabu cha kutengeneza programu akakisoma kama watu wa kanisani wanavyosoma Biblia, mstari kwa mstari, akipiga alama kwa penseli. Nilipomaliza masomo chuo kikuu cha Chepkoilel na kupata kazi kwake, nilidhani nimekuja kumsaidia mama mzee. Wiki ya kwanza ilinitoa ujinga huo.

Alichapa bila kutazama vidole, na bila kutazama kioo cha kompyuta pia. Alikutazama wewe. Ungekuwa unamweleza habari za mtoto aliyeugua, naye anakuitikia, anakupa pole, anauliza kama amekunywa dawa, na wakati huohuo vidole vinaandika programu kule chini, na ukisogea kuangalia hukuti kosa hata moja. Akikuona umeshika kipanya cha kompyuta alikugonga kiganjani kwa rula.

"Mouse ni ya watu hawajui vidole zao ziko wapi," alisema.

Alikuwa mdadisi kupita kiasi. Huyu mwanamke aliyekataa fomu za kuuliza uliza, yeye mwenyewe aliuliza kila kitu kingine: umekula nini, mbona umekonda, huyo aliyekuleta kwa pikipiki ni nani, na mbona anakuleta kila siku. Mimi aliniita Mama Ian kuanzia siku ya pili, baada ya kuona picha ya mwanangu kwenye simu. Jina langu lenyewe alilijua kutoka kwenye barua ya kuomba kazi, lakini sikumbuki akilitamka.

Kazi iliyotushika zaidi ilikuwa ya chama kimoja cha wafugaji. Walitaka tovuti ambayo mfugaji angejiandikisha, aweke ng'ombe wake, kisha ng'ombe akiugua amwite daktari wa mifugo kwa simu na aone zamu yake ni ya ngapi. Sisi hatukuandika kila kitu upya. Tulitumia kiunzi, yaani programu inayokuja na nusu ya kazi imeshafanywa, kama nyumba iliyosimamishwa nguzo na paa ikabaki kuta. Kiunzi hicho kilikuja na mlango wake tayari: fomu ya kujisajili, mahali pa neno la siri, na masharti ya kukagua kama neno hilo ni imara. Watu wengi huuchukua mlango huo jinsi ulivyo. Mwalimu aliutazama siku nzima kisha akasema tutautoa wote.

"Sasa huyu mama wa Cheptiret ako na email gani?" aliniuliza. "Ako na simu ya mtoto wake, na hiyo anapewa Jumapili."

Akaondoa barua pepe. Akaondoa jina la kuingilia, lile ambalo mtu hulazimika kulibuni na kulisahau, akaweka namba ya simu mahali pake. Aliyafanya haya siku ya kwanza kabisa, kabla ya mtu yeyote kujiandikisha, na alinisisitizia sababu: watu wakishaingia, kubadili mlango ni kubomoa ukuta wakiwa ndani. Maneno mekundu yanayotokea mtu akijaza vibaya aliyaandika upya yote. Neno "kosa" alilipiga marufuku. Mtu amekuja kujiandikisha, alisema, bado hajamkosea mtu.

Kwenye maneno ya siri ndiko nilikomwona akifurahi kama msichana. Kiunzi kilikuja na orodha ndefu ya maneno ya siri yaliyozoeleka mno, ili mtu akijaribu mojawapo akataliwe, maana mwizi huanza na hayo. Mwalimu aliisoma akakunja uso. Karibu yote yalikuwa ya Kizungu, majina ya timu zao na mbwa wao. Waliotunga orodha ile, alisema, hawajawahi kukanyaga Eldoret. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani na kiondo, kikapu chake cha kusuka. Ibada ilipokwisha alisimama mlangoni akawaomba watu waandike kwenye karatasi neno la siri waliloacha kulitumia, bila jina, wakunje, watie ndani. Alizunguka hivyo makanisa kadhaa na vyama vya akina mama, kisha akampelekea Hajji kiondo dukani.

"Mwalimu, mimi siwezi," Hajji alimwambia. "Yangu bado natumia."

Tulimwaga zile karatasi mezani tukazipanga. Yesu alishinda, kwa mbali. Nyuma yake walikuja Mungu ni mwema, majina ya vifungua mimba na miaka yao ya kuzaliwa, na tarakimu kutoka moja hadi nane. Mwalimu aliandika orodha yake akaiingiza kwenye ukaguzi. Siku chache baada ya tovuti kufunguliwa, mchungaji mmoja alipiga simu akiwa amekasirika kwamba mashine imemkataa Yesu.

"Pasta, haijakataa Yesu," Mwalimu alimjibu, akiendelea kuchapa. "Imekataa watu wote wakuwe na ufunguo moja."

Kiunzi kilijua pia kukagua kama neno la siri limefanana na jina la mwenyewe. Mwalimu aliona hiyo haitoshi. Mfugaji wa kwetu hataweka jina lake, ataweka la ng'ombe anayempenda. Kwa kuwa fomu yetu iliuliza majina ya ng'ombe, aliunganisha mambo hayo mawili, na mtu akijaribu aliambiwa: Neno hili linafanana mno na jina la ng'ombe wako. Wazee walicheka hadi machozi wakisoma maneno hayo. Walidhani tuna mtu anayewachungulia zizini.

Na baada ya taabu yote hiyo, neno lake mwenyewe la siri lilikuwa limeandikwa kwa penseli nyuma ya kitabu chake cha nyimbo za ibada, na kitabu kilikaa mezani mchana kutwa. Nilimwambia, akasema hakuna mwizi anayefungua kitabu cha nyimbo. Kubishana naye kulikuwa kupoteza muda.

Jambo lililobaki ni jina la ukoo. Kiunzi kilitaka majina mawili, la mtu na la ukoo. Mwalimu aliacha kisanduku kimoja tu, na juu yake akaandika: Unaitwaje? Watu walijaza walivyopenda, Mama Kevo, Mzee wa Posho, Baba Mapacha. Mimi niliona aibu. Nilikuwa na digrii na nilitaka kazi yetu ionekane kama kazi za watu wa Nairobi. Nilimuuliza kwa nini.

"Daktari anatibu ng'ombe," alisema. "Baba ya mwenye ng'ombe anamhusu na nini?"

Nilidhani ni ukaidi wa mtu mzima. Huku kwetu jina la ukoo likishatajwa, aliyesikia ameshajua wewe ni kabila gani, na pengine ameshajua babu yako alitoka wapi na kama alikaribishwa. Hilo nililijua kama kila mtu alijuavyo. Lakini nilikuwa shule ya msingi wakati wa zile vurugu za baada ya uchaguzi, makabila yalipochomeana nyumba, na nyumbani kwetu hatukuzizungumzia. Nilidhani yamepita.

Mwezi wa tatu, mvua ilipoanza, Mwalimu alikwenda shambani kwake upande wa Burnt Forest kupanda viazi. Aliniachia ofisi kwa wiki mbili. Siku ya nne akaja katibu wa chama, mtu mpole mwenye tai, akasema anataka majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho. Akina Mama Kevo walikuwa wanne, daktari anachanganyikiwa. Ningeweza kumwambia angojee. Ningeweza kupiga simu. Badala yake nilitaka Mwalimu akirudi akute nimemridhisha mteja peke yangu. Niliongeza kisanduku cha jina la ukoo, nikakifanya cha lazima, na kila mwanachama wa zamani akiingia alizuiwa hadi akijaze. Ilinichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Wiki iliyofuata katibu alichapisha orodha ya wanachama, imepangwa kwa majina ya ukoo, akaibandika ukutani pale wanapopimia maziwa. Hakuwa na nia mbaya, nadhani. Lakini nilipokwenda kule nilimkuta mzee mmoja akiteremsha kidole kwenye ile orodha, akihesabu kwa sauti wetu na wao. Nyuma yake watu walikuwa wamesimama na mitungi yao, wakisikiliza. Kesho yake mama mmoja wa makamo alipanda ngazi hadi ofisini, akashika kiti lakini hakukaa.

"Nitoe, mama," aliniambia. "Ng'ombe ikufe tu. Sitaki kuwa kwa ukuta."

Hakuna aliyepigwa. Hakuna jiwe lililorushwa, na baada ya siku chache mvua ilikuwa imeshailowesha karatasi yenyewe. Lakini Mwalimu, akitoka Burnt Forest, alipita pale kwanza kununua maziwa. Alipoingia ofisini hakuvua koti.

"Nani aliongeza?"

"Ni mimi, Mwalimu. Katibu alisema..."

Hakungoja nimalize. Mikono yake, ile mikono isiyokosea, ilipapasa meza nzima ikitafuta miwani iliyokuwa mbele yake. Alichukua miwani na kitabu cha nyimbo. Alishuka ngazi akampa Hajji funguo zake za ofisi na kumwambia Mama Ian atabaki nazo. Sikumfuata. Nilikaa pale kama mjinga, nikidhani atarudi saa nne kwa ajili ya uji.

Nilikiondoa kile kisanduku siku hiyohiyo. Nilikwenda mwenyewe kubandua karatasi ukutani. Nilimpigia simu hadi namba yake ikaacha kupatikana. Shamba lake nilijua tu liko upande wa Burnt Forest, na sikujua pa kuanzia kulitafuta. Nilimwandikia ujumbe mrefu wa kuomba msamaha, kisha mfupi, kisha wa neno moja. Miaka ikapita. Kazi zilikuja nikazifanya vizuri, na kila nilipofanya vizuri nilitamani awepo aone. Nilijifunza kupika uji wa wimbi nikaubeba kwa thermos, lakini ulikuwa uji tu. Hajji alikuwa akiniuliza kila mwanzo wa mwezi, "Mwalimu hajapiga?" nami najibu bado, naye anaendelea kukunja mablanketi. Nilikuwa na hakika Mwalimu ananichukia, na nilimpa haki yake.

Kisha mwaka huu, asubuhi moja ya mwezi wa tano, nikikagua waliojiandikisha karibuni, nikaona mfugaji mpya kutoka upande wa Burnt Forest. Unaitwaje: Mwalimu. Ng'ombe: mmoja, anaitwa Taipu, hali chakula tangu jana. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, kisha nikachukua mkoba wenye kompyuta. Namba ya simu ilikuwa pale, na maelekezo ya kufika, alivyomwandikia daktari.

Nilimkuta nje ya nyumba yake akimenya viazi, na sweta ile ya kijani. Amekuwa mdogo. Nywele zote nyeupe. Taipu alikuwa amesimama kando, mweusi mwenye madoa, na alikuwa anakula; daktari alikuwa ameshafika. Mwalimu aliinua macho, wala hakushangaa.

"Namba hiyo nilipea daktari wa ng'ombe," alisema. "Si wewe. Umetumia fomu kunitafuta."

Nilikuwa nimesafiri na hotuba nzima kichwani. Yote iliniruka. Nilisema, "Pole, Mwalimu. Kwa hii na kwa ile."

"Leta kisu kwa hiyo meza. Hivi viazi haviishi."

Tulimenya. Aliuliza Ian anasoma darasa la ngapi. Aliuliza yule wa pikipiki, nikasema tulioana, akasema alijua. Mwishowe nikamwambia nimekuja kumwomba arudi. Nikamwambia meza yake iko palepale. Nikamwambia najua nilimkasirisha.

"Nani alikuambia nilikasirika?"

Aliweka kisu chini. Akaniambia kwamba mwaka ule wa vurugu, kabla hazijaanza, jirani mmoja alimletea daftari lenye majina ya watu wa plot za mtaa wao, akamwomba amchapie vizuri. Alisema ni orodha ya kugawia unga wa msaada. Mwalimu alikuwa mwalimu wa taipu, na kazi ovyo ovyo hakuiweza. Majina yalikuwa yameandikwa shaghalabaghala, akayapanga kwa jina la ukoo, herufi kwa herufi, na namba ya plot pembeni. Jirani alimsifu sana. Baadaye, nyumba zilipoanza kuchomwa, zilichomwa kwa kuchagua. Hii inaachwa, hii inachomwa. Waliokuja walikuwa wameshika karatasi.

"Nilijua mashine yangu," alisema. "Herufi e ilikuwa inaruka juu kidogo. Niliona hiyo karatasi kwa mkono ya kijana, nikajua."

Jogoo wa jirani aliwika, Taipu akaendelea kutafuna.

"Sikuondoka juu yako, Mama Ian. Nilienda kununua maziwa nikajiona kwa ukuta." Akachukua kiazi kingine, akakishika tu. "Nimeona umetoa hiyo swali. Ndiyo maana niliandikisha ng'ombe. Na yale majina yaliingia hizo wiki mbili?"

Hapo ndipo nilipotamani kudanganya. Swali nilikuwa nimelitoa kwenye fomu. Mtu anayeingia leo haulizwi. Lakini majina ambayo watu walishayajaza yalibaki kwenye hifadhi, safu nzima, mtu kwa mtu. Sisi watu wa kazi hii tunaogopa kufuta. Katibu mpya alishaniambia nitoe kila kisichohitajika, nami nikawa nasema wiki ijayo, wiki ijayo, miaka minne.

"Bado yamo," nilimwambia.

"Ya wote?"

"Ya wote."

Hakunigombeza. Alisogeza karai la viazi, akafuta meza kwa pindo la sweta, akasema, "Fungua."

Nilifungua kompyuta, nikaiunganisha na simu. Alivaa miwani akakaa karibu nami, ubavu kwa ubavu, jinsi tulivyokuwa tukikaa. Niliandika amri ya kuiondoa safu ile, akaisoma mara mbili kwa sauti. Niliituma. Akauliza kuhusu nakala za akiba. Nikatengeneza mpya isiyo na majina, kisha nikazifuta za zamani moja baada ya nyingine, naye akizihesabu kwa midomo. Akaniambia nitafute tena, nione kama kuna lililobaki mahali. Nikatafuta. Hakukuwa na kitu.

"Imeisha?" aliuliza.

"Imeisha, Mwalimu."

Alivua miwani. Machozi yalikuwa yanateremka na hakuyafuta. Nilidhani ni ya furaha, nikaanza kutabasamu.

"Yako imefutika," alisema. "Yangu ilikuwa ya karatasi. Nakala tatu."

Nilikuja kutafuta msamaha wangu, na kumbe nilikuwa nao tangu siku ile aliyoshuka ngazi. Wake sikuweza kumpa. Nilitaka sana kumwambia imetosha, lakini sikuwa jina mojawapo kwenye orodha ile aliyoichapa. Nilimshika mkono, mgumu na baridi, wenye udongo wa viazi. Tulikaa hivyo hadi jua lilipotuondokea pale nje, akasema niende, Ian atakuwa ametoka shule.